Majina ya Darasa la Alasiri

Siku moja kabla ya vita nilikuwa nyuma ya nyumba naanika michembe. Viazi vilikuwa vingi mwaka ule. Nilivikata vipande vyembamba, nikavitandaza juu ya mwamba, nikazungushia matawi ya miiba ili kuku wasisogee. Ilipofika saa tisa na nusu niliosha mikono, nikachukua boksi la chaki na daftari la mahudhurio, nikaenda kufundisha. Ilikuwa Jumatano. Naikumbuka kwa sababu ndiyo siku ya mwisho niliyolibeba daftari lile bila kuliogopa.

Sitataja jina la kijiji chetu. Segese ndiko tunakokwenda mnadani na kusaga mahindi mashine yetu ikiharibika, inatosha kusema hivyo. Watu waliofanya mambo haya bado wapo, tunakutana kisimani na kanisani, na mimi ni mmoja wao.

Niliishia darasa la saba. Miaka mitatu kabla ya vita, mratibu wa elimu wa kata alikuja kigangoni Jumapili baada ya sala. Alitafuta mtu aliyemaliza shule ya msingi, awe tayari kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Alisema wazi kwamba mshahara hakuna. Kuna chaki, vitabu kumi vya kisomo, na kaunta buku moja ya kuandikia mahudhurio. Watu waliangalia chini. Mimi nikanyoosha mkono.

Baadaye padre alinisifu kwa moyo wa kujitolea. Ukweli ni kwamba nilitaka kuitwa mwalimu. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, sijawahi kuitwa chochote zaidi ya Mama Limi.

Tena nilikuwa na sababu ya kudhani naweza. Nilishamfundisha mume wangu. Baba Limi hakwenda shule, utoto wake wote alichunga ng'ombe wa baba yake. Tulipooana nilimfundisha kwa kijiti kwenye mchanga, tukiwa tunalinda pamba mchana wa jua. Nilimzoesha kuweka kidole chini ya mstari ili asipotee. Alishika haraka. Alipokwisha kujua, sungusungu wa kitongoji chetu wakamchagua kuwa katibu wao. Nilimnunulia kalamu mbili, nyeusi na nyekundu.

Sungusungu ni jeshi letu la jadi. Kila mwanamume mwenye upinde ni askari. Ukipigwa mwano, yaani ukelele wa hatari, hakuna anayebaki nyumbani. Asiyetoka hutengwa. Mtu aliyetengwa haazimwi jembe, hapewi moto, hachoti maji pamoja na wengine, na akifiwa anachimba kaburi peke yake. Mwanamke akimsaidia, naye hutengwa. Sheria hii ilitulinda na wezi wa ng'ombe tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kuiona kuwa mbaya.

Darasa letu lilikuwa kwenye banda la kigango, saa kumi alasiri, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ubao ulikuwa mlango mkuukuu niliousugua kwa unga wa betri na majani ya matembele mpaka ukawa mweusi. Wanafunzi walianza wanane, mpaka mwaka ule wakafika kumi na tisa. Sita kati yao walikuwa wachimbaji.

Wachimbaji walikuja na rashi, yaani mbio za dhahabu, ya Kilima cha Mbuzi. Dhahabu ilionekana upande wa malisho, na katika miezi miwili kilima kikajaa maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, maturubai na karasha za kusagia mawe. Walitoka Geita, Bukombe, Kahama, kila mahali. Kule hakuna anayetumia jina lake. Wanaitana Mchina, Kipara, Mjomba, Baruti. Mtu anaweza kufukiwa na duara, wenzake wasijue wampelekee nani msiba.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipowauliza majina yao halisi, walinyamaza. Mtu wa kwanza kujibu alikuwa mzee wa miaka hamsini na sita aliyeitwa Maganzo, kwa kuwa huko ndiko alikochimba almasi ujana wake wote. Alisimama, akavua kofia.

"Sayi Malunde," alisema. "Lakini wewe niite Baba Nkwimba. Ndiye mwanangu niliyebaki naye."

Nikaliandika. Wengine nao wakataja yao. Niliona fahari katika nyuso zao, nami nikaona fahari.

Baba Nkwimba alikuwa na sababu moja ya kuja. Binti yake aliishi Kolandoto, anasomea uuguzi, na alikuwa akimtumia baba yake ujumbe wa simu. Baba hakujua kusoma. Alimpa simu mwenye kibanda cha kuchajisha, naye akawa anausoma kwa sauti mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, akiongeza maneno yake. "Wananicheka na mwanangu," aliniambia. "Mimi nataka niusome nimegeukia ukutani."

Aliketi jirani na Mama Kabula. Mama Kabula alikuwa mjane mwenye umri wa mama yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani tu, na mengi nilimweleza kwa Kisukuma. Ndiye aliyempangisha Baba Nkwimba chumba cha uani. Kutwa walikuwa wakitupiana maneno.

"Mama Kabula, unaandika kama kuku anachakura."

"Kuku huchakura akapata. Wewe umechakura miaka thelathini, umepata nini?"

Darasa zima lilicheka, na Mama Kabula alicheka kuliko wote. Nilipomwamkia shikamoo alikuwa akikataa kuitikia, anasema mwalimu haamkii mwanafunzi, ataniitikia siku atakayohitimu.

Sasa niseme habari ya daftari.

Mratibu alinichorea safu tatu: namba, jina, na alama ya kuhudhuria. Mimi nikachora ya nne. Niliandika juu yake: Anapolala. Sababu ilikuwa nzuri. Mtu akikosa siku mbili nilimfuata nyumbani, nikamuuliza kama anaumwa. Kwa wachimbaji nisingeweza bila kujua wamepanga kwa nani. Kwa hiyo niliandika. Sayi Malunde, kwa Mama Kabula, chumba cha uani. Hakuna aliyeniagiza. Mratibu alipoiona safu ile alinisifu, akasema atalichukua daftari hilo mwezi unaofuata likaoneshwe wilayani, na darasa litambuliwe. Niliyashika maneno hayo kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Jumatano ile ya michembe Baba Nkwimba alikuja mapema. Aliniita pembeni, akafungua simu, akasoma mwenyewe, taratibu, kidole kikitembea chini ya herufi: "Shikamoo baba. Nimefaulu. Nakuja mwezi wa nane." Alisoma mara tatu. Kisha akaifunga simu na kuitia mfuko wa shati, akaenda kuketi mahali pake. Hakusema kitu alasiri nzima, hata Mama Kabula alipomchokoza.

Chanzo cha vita kilikuwa lambo. Kijiji kina lambo moja la kunyweshea mifugo, na kiangazi kile maji yalikuwa yamepungua. Wachimbaji walihamishia mwalo, yaani sehemu yao ya kuoshea, hapo, wakawa wanaosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Ng'ombe wakaanza kufa. Sungusungu wakapeleka barua, iliyoandikwa na mume wangu, ya kuwataka waondoe mwalo katika siku saba. Siku saba zikaisha.

Alhamisi asubuhi nilikwenda lambo kufua. Wachungaji walifika na ng'ombe wengi, wakawaswaga moja kwa moja juu ya mwalo. Makarai yalipondwa. Wachimbaji walitoka na nyundo. Nilisikia matusi, kisha nikaona mchungaji mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, anakaa chini polepole kama mtu aliyechoka.

Alikuwa amepigwa nyundo sikioni.

Mwano ulipigwa kutoka upande wa magharibi, ukapokewa na kila kitongoji.

Nilijilaza kwenye majani kando ya maji. Wanaume walinipita wakikimbia, nasikia miguu yao na mishale ikigongana kwenye podo. Sikuinua kichwa.

Wachimbaji walikuwa na baruti za kulipulia mwamba. Walizirusha.

Ardhi iliruka. Maji ya lambo yaliniangukia. Ng'ombe mmoja alikuwa anajaribu kusimama kwa miguu ya mbele tu.

Nilitambaa mpaka kwenye mkonge, nikakimbia. Sikuokota nguo.

Serikali iliyaita vurugu. Redio ilisema wananchi wenye hasira. Kwetu kuna neno moja tu la jambo kama lile, bulugu, na bulugu ni vita. Iliendelea siku tisa. Ijumaa askari walifika na gari, wakapiga risasi hewani, wakabeba majeruhi, wakaondoka. Jioni mapigano yalianza tena. Wachimbaji walijikusanya kilimani, na sungusungu wakafunga njia zote, ya Segese na ya Kahama. Mchimbaji aliyekamatwa njiani hakurudi. Wanawake tulipika kwa zamu chakula cha wenye pinde. Nami nilipika. Nilisonga ugali kwenye sufuria kubwa ya kigango, sufuria ya sikukuu, na niliangalia kwamba hauna mabuja.

Jumatatu nilifungua darasa. Sijui kwa nini. Labda niliona nikiacha siku mbili mfululizo mratibu atakuta nafasi tupu. Walikuja wanne: mama wawili wa jirani, Mama Kabula, na Baba Nkwimba, aliyepitia shamba la mihogo ili asionekane. Hakuwa amepanda kilimani na wenzake. Alisema hana ugomvi na ng'ombe wa mtu. Wachimbaji wengine wanne wa darasa langu walikuwa wamekwisha kutoroka siku ya kwanza. Wa tano, kijana wa Ushirombo, alikuwa bado amejificha kwa fundi cherehani.

Baada ya somo Baba Nkwimba alibaki. Aliniuliza kama ajaribu kutoka kwa miguu kupitia porini, atafute njia ya Shinyanga. Aliniuliza mimi kwa sababu mume wangu ni katibu, alidhani najua mengi.

Niliwaza kidogo. Njia zilikuwa zimefungwa, hilo nililijua kweli. Kisha nikamwambia, "Baki, Baba Nkwimba. Kaa ndani kwa Mama Kabula, usitoke. Hakuna anayejua unapolala."

Nilisema hivyo daftari likiwa kwapani mwangu.

Nimejiuliza miaka saba niliwezaje. Sikuwa nimeficha neno, wala sikumdanganya. Daftari kwangu lilikuwa la shule. Sikulihesabu kuwa ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukisoma.

Alishukuru. Aliketi kwenye benchi, akaanza kubonyeza simu. Nilipomkaribia aliifunika kwa kiganja.

"Usinisaidie, Mwalimu."

Nilimwacha pale, nikaenda nyumbani. Mume wangu alikuwa mlangoni anafunga manyoya kwenye mishale. Niliingiza daftari sandukuni chini ya vyeti vya ubatizo, kama kawaida. Aliuliza bila kuinua macho kama wachimbaji bado wanakuja darasani.

"Wamebaki wawili," nilisema.

Ningeweza kusema hakuna. Nilimjibu kweli kwa kuwa ni mume wangu, na pia, niseme yote, nilitaka ajue kwamba darasa langu halijafa.

Jumanne asubuhi mwano ulipigwa tena, huu wa kuita mkutano. Tulikusanyika kwenye uwanja wa ghala la pamba, wanaume mbele na pinde zao, wanawake nyuma. Usiku wa kuamkia siku ile kijana wetu mmoja alikuwa ameuawa kwa baruti, na mwili wake ulikuwa umelazwa chini ya turubai, miguu ikiwa nje. Kamanda alisema wachimbaji wana macho kijijini, wapo waliofichwa majumbani. Aliwataka wenye nyumba wawatoe wenyewe.

Hakuna aliyemtoa mtu. Kwa kweli watu wengi hawakujua. Kulikuwa na wapangaji wanaoingia na kutoka, na majina yao ya kilimani tu.

Mume wangu akatoka kwenye mstari. Alikuwa na daftari langu.

Alilifungua. Akaweka kidole chini ya mstari.

Alisoma vizuri. Hakukwama. Alitaja jina, akapumzika kidogo kama nilivyomfundisha kwenye mkato, akataja anapolala. Alianza na wachimbaji walioandikwa mwisho, akipanda, na kwa majina manne ya kwanza watu walipiga kelele kwamba hao wamekimbia. Akasoma la kijana wa Ushirombo, kwa fundi cherehani. Wanaume kumi wakaondoka mbio.

Kisha akasoma, "Sayi Malunde. Kwa Mama Kabula. Chumba cha uani."

Mama Kabula alikuwa amesimama mbele yangu, hatua mbili. Aligeuka akanitazama. Hakuwa amekasirika bado. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimwambie kwamba amesikia vibaya.

Nilikuwa na maneno. Ningeweza kusema daftari hilo ni la serikali, rudisheni. Ningeweza kusema huyo amekwisha ondoka jana, na nadhani wangeamini, mimi ndiye mwalimu. Niliwaza kutengwa. Niliwaza kisima. Nikafunga mdomo.

Mama Kabula akaondoka kuelekea kwake. Alikuwa mzee, lakini alikimbia.

Mimi nilifuata. Sikukimbia. Niliogopa nikikimbia wataniona.

Nilipofika, alikuwa mlangoni. Ameshika miimo yote miwili.

"Huyu ni mgeni wangu," aliwaambia kwa Kisukuma. "Mgeni hafukuzwi kwa mshale."

Mmoja alimvuta. Hakuachia. Mwingine akaupiga mkono wake kwa mpini wa shoka.

Niliusikia mfupa.

Ndipo Baba Nkwimba alipotoka uani mwenyewe. Mikono juu. Alikuwa amevaa kofia yake. Aliwaambia wamwache mama, yeye yupo.

Walimzunguka. Akaangaza macho juu ya vichwa vyao, akaniona.

"Mwalimu," alisema.

Sikuitika.

Walimpeleka lambo. Nilibaki nimeshika ukuta wa jiko la Mama Kabula. Kelele zilikuja mara mbili, kisha hazikuja tena. Kijana wa Ushirombo aliuawa njiani, karibu na ghala, na sikumwona.

Hayo yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Siku ya saba wachimbaji walishuka kulipiza, wakachoma nyumba za kitongoji cha chini pamoja na ghala. Siku ya tisa askari wengi walikuja, wakapiga kambi, pinde zikakusanywa. Kilima kilifungwa. Baadhi ya watu walikamatwa, wengi wakaachiwa. Viongozi walifika, wakachinjwa ng'ombe wawili, tukaambiwa tusameheane. Tulikula. Lambo lilifukiwa na kuchimbwa jingine, kwa kuwa hakuna aliyetaka kunywesha tena pale.

Mume wangu alilirudisha daftari sandukuni, chini ya vyeti vya ubatizo, mahali palepale. Wiki mbili zilipita hatujaongea zaidi ya chakula na mifugo. Siku moja tukiwa tunachambua pamba nilimuuliza kwa nini alisoma.

Alitupa pamba chafu pembeni.

"Waliuliza nani anajua," alisema. "Nikakumbuka limeandikwa."

"Ungesema halijaandikwa."

"Mama Limi," alisema, "mwandiko ni wako."

Aliendelea kuchambua pamba. Sijamuuliza tena. Ukatibu aliuacha mwaka uleule, na tangu siku ile sijamwona akisoma chochote. Barua ikija, ananipa mimi kama zamani kabla sijamfundisha. Kalamu nyekundu ipo, imekauka.

Nkwimba alikuja mwezi wa nane, kama alivyoahidi katika ujumbe wake. Alikuja kuchukua vitu vya baba yake: shuka, nyundo, patasi, na simu ambayo Mama Kabula aliificha kwenye kibuyu. Baba yake alikuwa amezikwa pamoja na wengine, na hakuoneshwa mahali penyewe kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika. Alikuwa binti mpole, ana macho ya baba yake. Aliniamkia, kisha akanionesha ujumbe kwenye simu yake. Ulitumwa Jumatatu ile, saa kumi na mbili jioni.

Ulisomeka hivi: nkwimba ni baba naandika mimi nipo salama mwalimu kasema nibaki

"Nilifurahi sana nilipoupata," alisema. "Nilijua ni yeye kweli, hakuna aliyemwandikia. Mwalimu huyu ni nani?"

"Ni mimi," nilisema.

Alinishika mikono yote miwili. Alinishukuru kwa kumfundisha baba yake. Kuhusu neno nibaki hakuuliza, labda aliona aibu kuniuliza, labda hakutaka kujua. Nami kuhusu daftari sikumwambia. Nilimsindikiza mpaka penye pikipiki, nikampa michembe ya njiani.

Namwambia sasa, kama yapo mahali atakapoyasoma haya.

Mratibu alirudi mara mbili kuniomba nifungue darasa. Nilikataa. Alidhani ni hofu. Ubao niliurudisha kuwa mlango wa banda la mbuzi.

Mwaka uliofuata, wakati wa palizi, Mama Kabula alikuja kwangu na kigoda chake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kwenye kiwiko, haunyooki. Tangu vita hakuwa amekanyaga uani mwangu. Niliinuka, nikamwamkia. Akaitikia.

"Nataka kumaliza kusoma," alisema.

Nilimwambia darasa halipo tena.

"Sijasema darasa. Nimesema kumaliza."

Tukaanza. Alikuja alasiri, siku zilezile tatu, tukaketi nyuma ya nyumba karibu na ule mwamba. Kuandika hakuweza, kwa hiyo tulisoma tu. Hapakuwa na daftari la mahudhurio. Hakunitania na hakucheka. Alipokosea alirudia toka mwanzo wa mstari. Nilifundisha kwa bidii ambayo sikuwa nayo hata siku za mwanzo, maana nilianza kuamini kwamba amenisamehe, na kwamba kuja kwake ndiyo njia yake ya kusema hivyo. Kwa miezi saba nilikuwa na jambo moja la kungojea.

Siku aliyosoma ukurasa mzima bila kukwama, alifunga kitabu, akakiweka juu ya kigoda.

"Sasa lete lile daftari."

Nilimuuliza daftari gani, ingawa nilijua. Hakurudia. Niliingia ndani, nikalitoa sandukuni. Nilikuwa nimetaka kulichoma mara nyingi, na kila mara niliona kwamba kulichoma ni kulikana.

Alilipokea kwa mkono wa kushoto, akaliweka mapajani. Alipita majina yote kwa kidole, moja baada ya jingine, akiyatamka polepole. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehama. Alipofika namba kumi na nne akasimama. Alisoma jina. Kisha akavuka safu ya alama, akafika ile niliyoichora mwenyewe.

"Kwa Ma-ma Ka-bu-la," alisoma. "Chu-mba cha u-a-ni."

Alirudia tena, safari hii bila kukata.

"Hapa ndipo aliposoma mumeo?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyeandika ni wewe?"

"Ni mimi."

Kidole chake kilibaki palepale. Kuku walikuwa wamepenya miiba, wanadonoa michembe, na hakuna aliyewafukuza.

"Mimi nilikuwa nasema mumeo aliongeza," alisema. "Mwaka mzima watu walipokutaja, niliwaambia mwalimu hawezi kuandika hivyo, mume wake ndiye aliyeyasema kutoka kichwani. Nikasema nikijua kusoma nitaangalia mwenyewe."

Alifunga daftari, akanirudishia. Alichukua kigoda chake kwa mkono ule mzima, akaenda.

Hakuja tena. Jumatano, saa kumi, mimi bado hukaa nyuma ya nyumba mpaka jua lishuke, halafu nainuka kuteka maji. Tukikutana njiani namwamkia. Anaitikia marahaba bila kusimama, kwa kuwa shikamoo haikataliwi.